Lori la Baba Mkwe Liliponyamaza

Siku niliyofanikiwa kunyamazisha milango ya lori ndiyo siku niliyojua sina kazi tena.

Msicheke. Nisikilizeni kwanza.

Lori lilikuwa la baba mkwe. Kuukuu, ila injini nzima. Mimi ndiye dereva, nabeba mchanga na matofali, na mzee anakaa pembeni yangu kila safari kulinda mali yake. Watoto wangu walikula kwa lile lori.

Tatizo milango. Ukiingia barabara ya vumbi tu, inagonga kama mabati kwenye upepo. Kichwa kinataka kupasuka!

Na mzee anaongea chinichini, hapandishi sauti hata iweje. Sasa wewe utamwambia baba mkwe "paza sauti"? Uso utauweka wapi? Nikiona midomo inacheza, natikisa kichwa: "Ndiyo baba. Hakuna shida."

Siku moja mke wangu akaniambia, "Baba anakusifu. Eti hujawahi kumpinga."

Kichwa kikavimba.

Lakini kelele zikanishinda. Fundi akapaka grisi kwenye bawaba, akasema, "Imeisha hiyo." Imeisha wapi! Tuta la kwanza tu, gwaraa! Nilitamani nirudi nimpake yeye hiyo grisi.

Nikaamua kupambana mwenyewe. Nikafungua mlango wa kwanza: pini za bawaba zimelika, kioo kinacheza, mpira wa pembeni umebaki jina. Nikabadilisha pini, nikabana kioo. Nikakata tyubu ya tairi, nikabandika kuzunguka fremu yote. Ndani ya bati nikagandisha vipande vya zulia kuukuu.

Mlango ukakataa kufunga. Mpira mnene! Nikabandua, nikaanza upya, vidole vimejaa gundi, natukana kimoyomoyo. Kisha mlango wa pili, balaa lilelile.

Mzee ananitazama tu, anatabasamu. "Kazi nzuri, mwanangu. Itatusaidia."

Jumatatu tukatoka. Kimya! Nikasikia hadi mzee akijikuna ndevu.

Akasema kwa sauti yake ileile, "Basi, mnunuzi anakuja kesho kulichukua."

"Kuchukua nini, baba?"

"Lori. Si tulikubaliana? Alikuwa anagomea kelele za milango tu. Umenisaidia sana."

Nikaegesha pembeni. Nikazima injini.

"Baba, nisamehe. Sikusikia. Siku zote nilikuwa naitikia tu."

Akanitazama weee, mpaka nikainamisha macho.

"Nilikuuliza, lori likiondoka wajukuu zangu watakula nini? Ukasema hakuna shida. Nikajua una mpango wako." Akashusha pumzi. "Ungesema neno moja tu, nisingeuza. Sasa nimeshatoa ahadi."

Hasira zilinipanda, lakini wa kumkasirikia nilikuwa mimi mwenyewe.

Kesho yake mnunuzi akaja. Akavuta mlango, ukajifunga taratibu. Akaufungua tena, akaufunga tena, anafurahia kazi yangu. Kisha akaondoka nalo bila kelele, na kwa mara ya kwanza majirani hawakutoka kuchungulia.

Mke wangu, amesimama kando yangu, akasema kitu kwa sauti ndogo.

Kichwa kilitaka kutikisika chenyewe. Nikakizuia.

"Rudia, mama watoto. Sijasikia."

Ndugu zangu, heshima haijawahi kumkataza mtu kusema maneno hayo mawili: rudia, sijasikia. Yaseme mapema, ukiwa bado una cha kupoteza.