Ngazi Tatu za Daktari Naifa

Daktari Naifa alikuwa na wivu, na msomi akiwa na wivu huutafutia jina zuri. Yeye aliuita kulinda viwango.

Kwa miaka mingi alifundisha usanifu wa ndani katika chuo kimoja cha Amman, na somo lake kubwa lilikuwa mlango. Mlango wa kila mtu: mzee, kipofu, mjamzito, mwenye magurudumu. "Ngazi ni tusi la jiwe," aliwaambia wanafunzi, nao wakaandika. Alipima milango ya hospitali na ya misikiti mpaka mabawabu wakamjua kwa jina. Chuo kilipoamua kufungua kituo cha utafiti wa majengo ya watu wote, hakujiuliza nani atakiongoza. Alishachagua hata rangi ya pazia la ofisi.

Kituo akapewa Shuruq.

Shuruq alikuwa mwanafunzi wake, tena Naifa ndiye aliyemfundisha kushika rula. Alitumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, na akizungumzia mlango, watu walimnyamazia kwa namna ambayo hawakuwahi kumnyamazia Naifa. Hapo ndipo roho ilipomuuma. Siku ya tangazo alipiga makofi mpaka viganja vikawaka, huku moyoni akisema neno ambalo asingethubutu kulitamka hata kwa mumewe: hata miguu yake imempendelea. Akaona aibu. Kisha akalisema tena.

Sasa desturi ikamdai. Mtu akipata cheo, mwalimu wake humpikia, na asipompikia watu watajua kwa nini. Basi Naifa akamwalika Shuruq chakula cha Ijumaa nyumbani kwake mtaa wa Ashrafiye, pamoja na wenzao wa idara na mkuu wa kitivo. Alimwalika mbele za watu, kwa sauti tamu. Na nyumba hiyo ya mtaalamu wa milango ilikuwa na ngazi tatu na kizingiti kirefu cha jiwe, vya tangu enzi za baba mkwe wake. Mganga hajigangi. Alijua Shuruq angeuliza njia ya kuingilia, angeambiwa, angeomba radhi, na sifa ya ukarimu ingebaki kwa mwenye nyumba. Akufukuzaye hakwambii toka.

Shuruq hakuuliza. "Nitakuja, Daktari," alisema. "Siku nyingi natamani kuiona nyumba yako."

Ijumaa baada ya swala, Naifa alikuwa jikoni akikoroga mchuzi wa maziwa wa kumwagia mansaf, wali kwa nyama wa karamu, mchuzi ambao ukiuacha kidogo tu hukatika. Akasikia wageni uani, kisha sauti ya mumewe, Mutasim.

"Haya jamani, shikeni upande ule, mimi nashika huu."

"Hapana, kaka Mutasim," Shuruq alisema. "Asante. Mimi sibebwi."

"Aa, dada yangu, ni ngazi tatu tu."

"Zingekuwa tatu tu, ungeshazivunja zamani."

Watu wakacheka. Naifa akatega sikio asikie gari likiwashwa. "Aende," aliiambia sufuria. "Aende zake."

Badala yake alimsikia Hajja Wadha, mama mkwe wake. "Mgeni hali mlangoni peke yake. Toeni sinia, toeni viti, toeni kila kitu. Mimi mwenyewe nashuka hapa kila siku nimekumbatia ukuta, natamka shahada kama anayekata roho, na mke wa mwanangu ni daktari wa milango."

Sinia la wali na nyama likapita jikoni, Mutasim huku na mkuu wa kitivo kule. Nyumba nzima ikahamia nje. Wakaliweka kwenye meza fupi chini ya mti wa tini, usawa wa kiti cha Shuruq, wakalizunguka na kula kwa mkono, wakicheka. Naifa akabaki ndani peke yake na mchuzi wake, akiwatazama kupitia mlango ulio wazi. Hajja alipomwita aulete, mguu wake ukajikwaa kizingitini na mchuzi ukamwagikia jiwe.

Wakati wa kuaga, Shuruq aliushika mkono wa Hajja. "Mama, mwambie mwanao abadilishe kizingiti cha mlango wake."

Wageni wakatazamana. Kisa walikijua wote. Nabii Ibrahim alifika kwa mwanawe Ismail asimkute, akamkuta mke, na mke akalalamikia shida wala asimkirimu. Mzee akaondoka, akaacha ujumbe huo huo, na Ismail akaelewa kwamba ameambiwa amwache mkewe. Mke aliyefuata alimkirimu mzee, naye akaachiwa ujumbe kwamba kizingiti kibaki.

Shuruq mwenyewe akashtuka, uso ukamwiva. "Wallahi nasema jiwe. Jiwe hili hapa."

"Nitabadilisha cha jiwe," Mutasim akasema taratibu. "Hiki kingine kinajua kupika."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Naifa alicheka kwa meno tu, maana katika kisa kile alijijua yeye ni mke yupi. Na bado roho ikamuuma, safari hii si kwa ajili ya kituo. Shuruq alikuwa amekula kwake akashiba, na yeye mwenye nyumba hakuonja hata tonge.

Jumatatu fundi akaja na nyundo. Uwanja ulikuwa mfupi, kila mteremko wa magurudumu aliouchora Naifa badala ya ngazi ulikuwa mkali mno. Alipima, akachora, akafuta. Jibu alilijua: mteremko unaokunja kona na kuuzunguka mti. Ulikuwa mchoro wa Shuruq wa mwaka wake wa mwisho wa masomo, na yeye Naifa ndiye aliyeuandikia kwa wino mwekundu, "Haiwezekani." Akakaa na simu mkononi, kijicho kikimtafuna, mpaka fundi akauliza kama arudi kesho.

Akapiga.

"Shuruq. Ule mteremko wako wa kona. Unaukunja vipi?"

"Ule usiowezekana, Daktari?"

"Huo huo."

"Nitakuja kupima. Lakini ukipika, sinia lisitoke. Safari hii nataka kula ndani."