Uso wa Mama Katika Chumba cha Wote

Sweta la sufu likilowa mvua, halafu likaanza kukauka karibu na jiko la mkaa, hutoa harufu fulani ya kondoo na moshi ambayo watu wa nchi za joto hawaijui, na wala siwaonei wivu. Juzi nimeinusa kwenye foleni ya benki. Mama mmoja aliyetota alisimama mbele yangu, na pale pale nikajikuta nina miaka tisa, niko Njombe mjini, nimeinamia karatasi, nalia.

Kulikuwa na jumba la makumbusho ya sanaa, si mbali sana na kwetu Mjimwema. Vyumba vya mbele vilikuwa vya kunong'ona: vinyago, vyungu vya Wakisi, picha kubwa za milima, na kamba ya kukuzuia usiguse. Lakini ukipita hadi nyuma kulikuwa na chumba kirefu chenye meza, jiko, karatasi, mkaa wa kuchorea, udongo na mafungu ya milulu ya kusukia vikapu. Kilikuwa cha kila mtu. Mvua ikizidi, akina mama wa sokoni waliingia na watoto mgongoni, wakasalimu kwa kamwene yao, wakavua masweta kuyaanika, wakashika milulu. Wenyewe tulikiita Chumba cha Wote. Mimi sikwenda kwa sababu ya mvua. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa namsahau mama yangu.

Niwaeleze ilivyokuwa. Mama alifariki wakati mahindi yanatoa mbelewele, mvua ya Njombe ikinyesha asubuhi na jioni. Alikuwa na picha moja tu, ndogo, ya studio. Simu yake ilikuwa ya kitochi, haipigi picha. Kwetu jina la marehemu huandikwa kwenye msalaba wa mbao, na mwenye picha huibandika hapo ili kaburi lisipotee kati ya mengine. Basi wakaibandika ile ile moja, wakaifunika na nailoni, na kila mtu akaona imekaa vizuri. Hakuna aliyewaza kuitolea nakala kwanza. Tulipokwenda na baba kupalilia kaburi, maji yalikuwa yameingia ndani ya nailoni. Kilichobaki ni kipande cha karatasi nyeupe chenye doa la bluu lililokuwa blauzi yake. Baba akaenda studio, akakuta fundi amehamia Songea na mlango una kufuli.

Baba alikuwa anapasua mbao Matembwe, anarudi Jumamosi. Siku nyingine nilibaki na bibi, mama yake baba, na usiku nikifumba macho nilimtafuta mama. Mwanzoni alikuja mzima. Baadaye alikuja bila macho. Baadaye nikawa napata kitambaa chake cha kichwani tu, na chini ya kitambaa hakuna kitu. Sijawahi kuogopa hivyo tena maishani. Chakula kikanishinda. Bibi alinibembeleza, akanitisha, akanipikia hadi viazi vya kukaanga, ambavyo kwake vilikuwa anasa ya watu wa mjini, na bado sikula.

Ndipo nikaanza kwenda kuchora. Sikujua kuchora. Kila nikitoka shule nilichukua karatasi kubwa na mkaa, nikachora duara, nikaweka macho, nikayafuta, nikayaweka tena, hadi karatasi inatoboka. Dada Witness, msimamizi wa chumba, aliniuliza ninamchora nani. Nikamwambia. Akanipa karatasi ngumu zaidi.

Sasa, chumba kile kilikuwa na utaratibu wake. Kazi uliyoiacha mezani, mwenzio aliruhusiwa kuiendeleza. Kikapu kilianzwa na mmoja kikamalizwa na mwingine, na hakuna aliyeuliza. Utaratibu mzuri kwa vikapu. Nilirudi siku moja nikamkuta mama ana pua. Mama Kelvin, aliyekuwa akiuza viazi soko moja na mama, alikuwa ameona mchoro, akasema marehemu pua yake haikuwa hivyo, akashika mkaa. Kesho yake mama ana mwanya kwenye meno. Kesho kutwa mtu wa kwaya aliyoimba mama amempanua mdomo, eti alikuwa akiimba muda wote. Mzee mmoja, ambaye sina hakika hata kama alimfahamu, alimwongezea hereni.

Nilipiga kelele chumba kizima kikageuka.

"Rudisheni pua ya mama yangu," nikasema.

Mama Kelvin akaniuliza, kwa upole kabisa, ilikuwaje hiyo pua nyingine, ili airudishe. Nikafungua mdomo. Sikuwa nayo. Nilijua tu kwamba ile si yake, na yake siijui, na watu wazima wote wananiangalia wakinisubiri. Nililia hadi nikatapika maji matupu. Dada Witness alinibeba akaniweka karibu na jiko, katikati ya yale masweta, na akina mama wakaendelea na mchoro, taratibu, wakishauriana, kwa sababu waliniona ninavyokwisha na hawakuwa na njia nyingine ya kunisaidia.

Jumamosi baba alikuja kunichukua pale, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Walikuwa wameshamaliza. Alikuwa mwanamke mzuri, anacheka, ana mwanya na hereni. Mama Kelvin alisema ndiye. Mwanakwaya alisema ndiye. Nikamuuliza baba. Alivua kofia, akautazama ule uso muda mrefu mno.

"Ni yeye mwenyewe," akasema. "Sasa ule, mama."

Usiku ule nilikula. Baba aliutundika mchoro sebuleni, na usingizi ukarudi, na mama akarudi na uso. Nilikuja kugundua kwamba kiti chake baba alikigeuza, akawa anakaa ameupa ule ukuta mgongo. Nikaona ni huzuni.

Miaka imepita. Mwaka jana nilikuwa Makambako kwenye msiba, nikakutana na mama mmoja aliyeimba kwaya ya vijana na mama yangu kabla hajaolewa. Alinikaribisha kwake, akatoa picha: wasichana wengi wamejipanga mbele ya kanisa. Akanipa huku anatabasamu, akasema haya, mtafute mama yako.

Nilipita mstari kwa mstari. Nilifurahi nilipomwona, wa pili kutoka kushoto, anacheka, ana mwanya. Nikaweka kidole.

"Huyo ni mimi, mwanangu," akasema yule mama.

Mama yangu alikuwa nyuma, mwembamba, mdomo umefungwa, uso wa mtu ambaye sijawahi kumwona. Kidole changu kilikuwa kimempita.

Niliipiga picha ile kwa simu, nikaenda moja kwa moja Njombe kwa baba. Aliishika simu kwa mikono miwili. Mzee yule, ambaye sikumwona akilia hata makaburini, alilia mpaka akakosa pumzi. Nilipomuuliza kwa nini siku ile alisema ni yeye, alijibu bila kuinua macho.

"Ulikuwa huli. Ningesema nini?"

Kwa hiyo yeye alikuwa na uso wa kweli muda wote, kichwani mwake, peke yake, na hakuthubutu hata mara moja kunieleza ulivyokuwa, asije akanibomolea wangu. Tumeishi nyumba moja miaka yote ile, kila mmoja akimlilia mwanamke wake. Picha ninayo mpaka leo. Huwa naifungua asubuhi kabla sijatoka, najisomea uso ule kama mtoto anayejifunza kusoma: paji la uso, macho, mdomo uliofungwa, huyu ndiye aliyekuzaa. Nikizima simu na kufumba macho, anakuja yule mwenye hereni.