Okei ya Mama

Kiharusi kilimwachia mama neno moja tu: "Oke." Kwa ulimi ule mzito sote tukasikia okei, tukafurahi, khaa! utadhani karudi mzima. Mama, maji? Oke. Mama, mguu unauma? Oke.

Mguu ndio uliokuwa balaa. Sukari ilishauozesha, na daktari, Mmisri mpole, akatwambia ukatwe kesho, ama sumu itapanda mwilini imuue. Akainama, akamuuliza mama kwa Kiarabu kama anakubali. "Oke." Daktari akatutazama mimi na kaka yangu: haya, mgonjwa kesharidhia.

Mie roho ikakataa. Tukatoka nje, kaka akaanza kuchokoa simu. Yeye akibabaika husoma kila upuuzi.

"Dada, unajua okei limetoka wapi? Kwa watu wa magazeti wa Marekani, zamani huko. Walikuwa wakikosea maneno makusudi, kwa mzaha. 'Yote sahihi', yaani 'all correct', wakaliandika 'oll korrect', wakalifupisha kwa O na K, na kwa Kiingereza cha sawasawa hayaanzi kwa O wala kwa K."

"Kwa hivyo mama anakatwa mguu kwa mzaha wa Wamarekani?"

"Sikusema hivyo."

"Basi nyamaza! Mama kapata kusema okei lini, weye? Si husema 'haya'? Si husema 'zein' ya Kiarabu?"

Akaitia simu mfukoni. Na mie maneno yangu mwenyewe yakanikata maini. Nikarudi mbio chumbani, nikatega sikio mdomoni mwa mama.

"Mama, hebu sema tena."

Ikaja pumzi, halafu mnong'ono, halafu ndiyo ile oke tuliyoizoea. "Tuo... ndoke."

Tuondoke! Yarabi, kumbe muda wote ule alikuwa akituomba tumrudishe nyumbani kwake Ghubra, na sisi tunamchekea.

"Na mguu, mama? Usikatwe?"

"Tuondoke."

"Utakufa, mama. Wallahi utakufa."

Akanikazia macho. Hakuwa na woga hata chembe. Woga wote ulikuwa wangu. "Tuondoke."

Daktari akaingia kuuliza kelele za nini. Kaka alisimama mlangoni, katazama chini, hana msaada wowote. Nilitaka kusema uongo, kwamba karidhia, nao ulikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Hataki. Anataka nyumbani."

Ulimi wa mama haukuweza, basi ni wangu uliomwombea ruhusa ya kufa.