Karatasi Tatu za Unga wa Mizizi

Mimi ni muuguzi, na ugonjwa wangu mwenyewe ni karatasi. Kitu kikiandikwa nakiamini. Kikipigwa chapa, nakiamini mara mbili. Basi mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Kitshanga, ana mimba ya miezi minne, akauliza kama anaweza kunywa unga wa mizizi alioununua sokoni kwa ajili ya kichefuchefu, nilimwambia angoje nitafute.

Ilikuwa mimba yake ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na niliogopa asije akampoteza na mtoto huyu. Nilisoma notisi ya kopo la ule unga, yale maelezo yaliyobandikwa juu yake, aliyonitumia picha. Nikatafuta kwenye simu, nikakuta ukurasa wenye picha ya mtu mwenye koti jeupe. Mwisho nikasoma fotokopi ya maelezo ya unga huo huo iliyobandikwa ukutani kwenye kituo chetu cha afya, hapa Masisi, nikaipiga picha. Zote tatu zilisema unga hauna madhara, hata kwa mama mwenye mimba. Mashahidi watatu! Nikampigia: kunywa.

Kesho yake jioni nilikuwa namenya ndizi na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Walikale, anayeijua miti ya porini kuliko mimi ninavyozijua sindano. Nilimsimulia, kwa majivuno kidogo. Akaweka kisu chini.

"Ule mwenye aliandika, nani njo alimuonyesha ile dawa?"

Kwao hupokei jani bila kuuliza hivyo. Anayekupa lazima ataje: nilionyeshwa na mama, mama alionyeshwa na shangazi yake, mpaka ifike kwa mtu aliyemnywesha mgonjwa na kuona kilichompata. Dawa isiyo na ukoo humwagwa.

"Mama, iko mu karatasi tatu."

"Na hizo karatasi, nani alizizaa?"

Niliudhika, sitaficha. Nikatoa simu nimsomee ile fotokopi, nimkomeshe. Mstari wa tatu ukanikwamisha: "dawa yetu haina madhara." Yetu? Nikarudi kwenye notisi ya kopo: dawa yetu. Ule ukurasa: dawa yetu, sentensi ile ile, neno kwa neno. Muuzaji alikuwa amejishuhudia mara tatu, nami nikahesabu watu watatu.

"Basi, mama, ule unga iko mubaya?"

"Sijue," akasema. "Kitu sijue, mi siitoe kwa muntu mwenye mimba."

Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Asubuhi nilipanda pikipiki mpaka Kitshanga, nikiomba Mungu njia nzima. Nilimkuta anapepeta maharage, kopo la unga limeshapungua. Hakuwa na maumivu wala damu, lakini nilimpeleka hospitali saa ile ile. Walipompima, moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Nililia mbele ya watu, na mimi si mtu wa kulia.

Tulipokaa kwenye benchi nje, nilimwambia aache ule unga, kwamba huenda ni mzuri, huenda ni mbaya, mimi sijui. Neno hilo sikuwahi kumwambia mgonjwa hata siku moja. Halafu, kama mtu anayejitetea, nikaanza kumweleza jinsi karatasi zilivyonidanganya, moja baada ya nyingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo.

"Mi sikuuliza karatasi, dada," akasema. "Niliuliza weye."