Ua Uliopogolewa Bila Kutazamwa

Nuriya wa Basra hakutaka mengi duniani. Alitaka alasiri aketi bustanini kwake, chai ya ndimu kavu mkononi, azianike nywele zake juani, kichwa wazi. Basi. Utotoni alilala darini majira ya joto, upepo ukimpitia nyweleni mpaka usingizini, na tangu aolewe bustani ile ndiyo iliyobaki ya upepo huo.

Ndipo jirani yao Mnahi, muuza majokofu, akajenga ghorofa, na madirisha yake yote yakamgeukia Nuriya kama watu wanaotazama ajali. Mnahi alisema ni ya kuingiza hewa. Hewa ya Basra mwezi wa Agosti mtu huizibia matundu, haitafutii njia. Wake wa nyumba mbili hizo wakaacha kutembeleana, na Nuriya akawa anakaushia nywele jikoni, mbele ya feni, karibu na samaki.

Mumewe Shnawa, mstaafu wa bandarini, mtu anayeomba radhi akikanyaga kivuli chako, akapanda ua wa miti iitwayo damasi. Mti huo mtaalamu mmoja wa redioni aliwahi kuusifu kuwa rafiki wa mji. Baadaye, kwa sauti ileile, akautangaza kuwa adui wa mabomba. Shnawa alisikia kipindi cha kwanza tu. Damasi hunywa maji ya chumvi kama maziwa. Unauacha kiunoni, ukirudi kutoka sokoni uko begani. Kiangazi cha tatu madirisha ya Mnahi yalikuwa yanatazama majani, na chini yake Nuriya aliketi ndani ya ukijani kama mtu aliyezama na asiye na haraka ya kuokolewa. Majani yalinong'ona. Nywele zilikauka taratibu. Wakati mwingine hakujua kama yuko macho.

Kila Alhamisi Shnawa aliupogoa. Kwa kuwa mwanamume akipanda ngazi huona uani kwa wenzake, kwanza aliita, "Jistirini, jamani, napanda!"

Ng'ambo ikajibu sauti ya Umm Wisam, mke wa Mnahi, ikimwita Shnawa kwa jina la mwanawe. "Subiri, Abu Hazim, nina sabuni kichwani." Kisha, "Haya, panda."

Hayo ndiyo maneno pekee yaliyobaki kati ya nyumba hizo. Na hata baada ya ruhusa Shnawa alikata akitazama mbinguni, kwa heshima, hivyo ua ukawa na nundu na mabonde kama msafara wa ngamia.

"Abu Hazim, ule ni ua au ndoto mbaya uliyoota?" kinyozi wa mtaani alimuuliza.

"Wewe kichwa unakitazama, na bado tunatoka kwako hivi."

Mambo yaliharibika siku Mnahi alipopokea wageni wa posa, choo chake kikarudisha kila kilichopewa. Akachimba, akavuta kutoka kwenye bomba mzizi mrefu, mwembamba, unaochuruzika, uliosukwa vizuri kuliko nywele za bibi harusi. Akauleta uchochoroni, akauinua mbele ya wanaume wote.

"Tazama kazi ya ua wako, Abu Hazim. Kesho ung'olewe."

Nyuma ya mlango, Nuriya aliuona ukining'inia mkononi mwa mwanamume, akajishika kichwa.

Shnawa hakupaza sauti. Alivua kilemba chake, akaufunika mzizi. "Si mbele za watu, Mnahi."

Wanaume wakainamisha macho, bila kujua kwa nini.

"Umeufunika mzizi?" Mnahi aliuliza.

"Nimeufunika."

"Basi kesho uje na shoka na kilemba kingine."

Pazia la ghorofani likatikisika. "Abu Wisam," mkewe aliita, "ukiung'oa ua unaonistiri, nywele zangu nitazianika wapi? Ndani ya jokofu lako?"

Hakuna mume Basra atakayejadili nywele za mkewe mbele ya kinyozi. Mnahi akakohoa, akasema bomba lenyewe lilikuwa la zamani.

Wakachimba mtaro wawili hao, wakakata mizizi, wakajenga ukuta wa matofali chini ya ardhi kati ya ua na bomba, kila mmoja akidai mwenzake anachimba kwa kijiko. Kinyozi alisimamia. Ua ukabaki. Mgongo wa Shnawa ukagoma.

Kwa hiyo Alhamisi, saa ya joto wanaume wamelala, Nuriya akapanda ngazi mwenyewe.

"Jistirini, napanda."

"Nani?"

"Mimi."

"Sasa nikufiche nini? Panda."

Akatoa uso katikati ya nundu mbili. Umm Wisam alikuwa kitini, nywele zimemwagika nyuma ya kiti, nyeupe zote. Mara ya mwisho Nuriya alipoziona zilikuwa nyeusi.

"Zimeanza lini hizi?"

"Ulipokuwa umenuna."

Nuriya akaweka mkasi juu ya majani. Nywele zake mwenyewe, bado mbichi, akaziachia ziangukie upande wa pili wa ua, zikauke huko. Siku hiyo hakukata hata jani.