Divai ya Dodoma Chini ya Bati

Siku ya kwanza kazini nilifika nimejimwagia marashi, kijana wa Kilimanjaro nimeingia mjini, nataka nionekane mtu. Mwonjaji Mkuu, Mzee Lazaro, akanisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudi ukaoge."

Nikakatiza Mnazi Mmoja nimenuna, nikarudi chumbani kwangu Kariakoo, nikaoga, nikaanza kazi jua limeshapanda.

Shirika letu la umma lilisambaza vinywaji vya hapa na vya ng'ambo, na waonjaji wake tulikuwa sisi wawili. Msicheke! Ilikuwa kazi kama ualimu. Chupa za divai zilivishwa soksi za mpira tusione nembo, kila mtu akaonja peke yake, akatema kwenye ndoo, akatoa alama. Tulipima uchachu. Tulipima ukakasi, ule unaokausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Tuliangalia pia mashapo, zile chembe zinazotuama chini ya chupa. Kitunguu, pilipili na kahawa vilikuwa marufuku mpaka jioni.

Sasa Kariakoo utaishije bila kahawa? Asubuhi majirani wako barazani, wananikaribisha, mimi napita. "Mchagga huyu anaringa," wakasema, na hawakunikaribisha tena. Nikabaki na mtu mmoja wa kuzungumza naye mji mzima, Mzee Lazaro. Yeye alijifunza divai kwa mapadri huko Dodoma, na mimi aliniita Mangi, kama machifu wa kwetu Uchaggani. Mchana tulikula pamoja wali na samaki wa kuchemsha, tukibishana kama divai ya Ureno inaizidi yetu kweli au tunalipia meli na ushuru tu. "Bei ni safari, Mangi," alikuwa akisema. "Ubora ni zabibu na utunzaji." Nilimpenda mzee yule, sifichi.

Ndipo Mkurugenzi akataka divai ya kuwakaribishia wageni wa serikali. Tukaonjeshwa chupa tatu. Ya kwanza nikaipa alama za juu, ya pili za wastani, ya tatu nikaitema upesi maana ilikuwa siki. Soksi zikavuliwa. Ya kwanza ilikuwa ya Dodoma, imeshushwa kwenye treni juzi tu. Ya pili ya Ureno. Ya tatu, ya Dodoma vilevile, mavuno yaleyale, ila hii ilikaa kiangazi kizima kwenye ghala letu Kariakoo, chini ya bati.

Mkurugenzi akapiga makofi. "Yetu imeshinda! Toeni mzigo wa ghalani uende kwa wageni."

"Ndugu Mkurugenzi," nikasema, "mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya ghalani imeharibika. Tuagize nyingine Dodoma, tusijiaibishe."

"Wewe una kasumba ya kikoloni! Mzee Lazaro, unasemaje?"

Nikamtazama. Neno lake moja lingetosha. Akainamisha kichwa. "Mimi sikuona tofauti."

Lo! Hata mlinzi wa getini angeinusa siki ile. Nikatoka kikaoni bila kumwangalia, nikaenda kukaa peke yangu bandarini mpaka jioni, machozi yananilenga.

Wageni walionja, wakaacha glasi zimejaa. Kuanzia hapo kwa karamu ikanunuliwa ya Ureno, na divai ya Dodoma, iliyoshinda kihalali, ikapata jina baya kwa kosa la bati. Mimi na Mzee Lazaro tukabaki na shikamoo na marahaba tu. Mchana nilikula kwangu.

Alipostaafu nilionja peke yangu mpaka na mimi nikastaafu. Sasa nakunywa kahawa nitakavyo, ila barazani wamekaa watu wengine nisiowajua. Vijana mkiniuliza divai ipi bora, ya kwetu au ya nje, nawajibu ile iliyotunzwa, na nyie mnadhani mzee anakwepa swali.

Ninayoikumbuka zaidi ni siku ya kumuaga. Wenzetu walipoondoka aliniita.

"Mangi, masika yale, kabla ya zile chupa tatu, niliugua homa, ulimi ukafa. Maji, siki, divai, yote sawa kwangu. Ningesema wangenifukuza."

"Mimi je, mzee? Mimi si ungeniambia!"

"Nilikusubiri mchana uleule nikuambie," akasema. "Nikagawa samaki kwenye sahani mbili. Hukuja."