Gia Nyepesi na Mtani Aliyenyamaza

Siku mtani wangu aliponiambia "pole sana, ndugu yangu," nilijua hali yangu ni mbaya kuliko alivyosema daktari.

Mimi ni Mnyamwezi. Yeye ni Mgogo wa Dodoma, aliletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa hukuhuku, akajenga Ipuli, na sasa amestaafu. Babu zetu walikutana kwenye njia ya misafara: wangu wamejitwika mizigo ya kupeleka pwani, wake wamekaa kwenye visima vyao wakidai hongo kabla mtu hajagusa maji. Waligombana, wakazoeana, wakatuachia ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa. Sisi wawili tumeitumia ruhusa hiyo vizuri. Akija dukani kwangu Kanyenye, ambako nauza asali na nta, haulizi habari za asubuhi. Anauliza leo nimewaibia nyuki wa nani. Nami, kama Wagogo wanavyotaniwa kwa kuomba, namwambia sina chenji, aombe duka la mbele. Wateja wageni hudhani tutashikana mashati.

Sasa fikiria nimelala hospitalini, waya kifuani, halafu mtu huyohuyo anaingia ameshika kofia mkononi, anasema pole sana ndugu yangu, Mungu atakusaidia. Niliogopa. Maumivu yenyewe hayakuniogopesha vile. Nikamwambia, "Wewe, umefuata chakula cha wagonjwa?" Akatabasamu kidogo, akaniuliza kama nimepata usingizi.

Kilichonilaza pale ni kilima. Watu wa Mbeya wakisikia Tabora tuna kilima watacheka mpaka wakae chini, na wacheke tu. Ukishika barabara ya Urambo, kabla hujafika Usoke, kuna mahali lami inapita kati ya mawe na miombo, inainuka, unadhani imekwisha, inakata kona, inainuka tena. Mwenye gari hata hajui kwamba amepanda kitu. Mwenye baiskeli atamkumbuka mama yake.

Sisi tulikuwa tunakwenda huko kila Jumamosi kushindana kukipanda, watu wazima wawili wenye wajukuu, kila mmoja na baiskeli yake ya mashindano, mtumba wa Dar, tairi nyembamba, usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Anayetangulia kufika juu anamtukana mwenzake wiki nzima. Hicho ndicho kilikuwa kikombe chetu.

Baiskeli yangu ilitengenezwa kwa ajili ya kijana wa mbio. Sproketi ya mbele, lile duara la meno linaloshika cheni, kubwa, za nyuma ndogondogo. Mbele ikiwa kubwa na nyuma ikiwa ndogo, unakanyaga mara moja gurudumu linazunguka mara nyingi, na kwenye tambarare unaruka kama umetupwa. Kwenye mwinuko mambo yanageuka, kila ukikanyaga unanyanyua gunia. Dawa yake inajulikana: punguza meno ya mbele, ongeza ya nyuma, miguu izunguke haraka na nguvu ipungue. Lakini ile sproketi pana ya nyuma sisi tulikuwa tunaiita gia ya bwana harusi, ya mtu anayeogopa kulowesha suti kwa jasho. Nani angeifunga? Mimi? Thubutu!

Basi Jumamosi ile yeye alikuwa mbele, anapiga kelele, "Mpagazi, tua mzigo! Babu yako angekuwa ameshafika Bagamoyo!" Nikasimama juu ya pedeli. Nikakanyaga kwa hasira, na hasira ninayo ya kutosha, muulize yeyote. Kwenye kona kifua kikakaza kama mtu amenifunga kamba ya mzigo na anaendelea kuvuta. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nilichoona baada ya hapo ni mchanga wa kando ya lami, karibu sana na jicho.

Daktari alikuwa binti mpole. Alisema mishipa ya moyo imesinyaa, akaniandikia dawa, akanikataza chumvi. Nikamuuliza kuhusu baiskeli, mke wangu akaguna. Daktari akasema baiskeli yenyewe haina ubaya, ubaya uko kwenye kujikaza. "Mzee, ukiwa unaendesha uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuongea, ushuke."

Tulipofika nyumbani mke wangu hakungoja hata nivue viatu.

"Inauzwa."

"Mama, daktari kasema..."

"Daktari hatakuwa mjane, baba. Inauzwa."

Tulibishana siku kadhaa. Yeye ni Mmoraviani wa kweli, hapazi sauti, na asiyepaza sauti hashindwi kirahisi. Nilipaza kwa niaba yetu sote wawili. Mwisho akasema hivi: nikipanda kilima kile mpaka juu huku naongea, bila kunyamaza, na yule Mgogo awe shahidi, baiskeli itabaki. Nikinyamaza hata kidogo, au nikishuka, anamwita mnunuzi Jumatatu. Nikamuuliza kwa nini Mgogo. Akasema, "Kwa sababu hawezi kukusifia uongo."

Niseme wazi nilichokuwa naogopa. Duka ningebaki nalo, dawa kwenye kikopo ningebaki nazo, kiti cha mbele ya duka kingenisubiri. Lakini urafiki wetu na yule bwana uliishi barabarani. Tukiondoa Jumamosi tungebaki wazee wawili wa kuulizana presha. Na tayari alikuwa ameanza. Alipita dukani kila siku, akanisalimu kama unavyomsalimu mchungaji, akakaa, akauliza nimekula nini.

Nikaamua kufunga gia ya bwana harusi. Kuamua kwenyewe kulinitoa jasho kuliko kilima. Nilikaa uani nimeigeuza baiskeli magurudumu juu, nazungusha pedeli kwa mkono, naangalia cheni inavyopita, najiambia haya ni mambo ya chuma tu, chuma hakina aibu. Haikusaidia. Nilikuwa na aibu hadi masikioni.

Nilikuwa na njia mbili. Kubadilisha sproketi za mbele kulimaanisha kung'oa kila kitu mpaka mikono ya pedeli, na kuagiza mbali. Kubadilisha za nyuma kulionekana rahisi, nami ni mtu wa haraka. Nikanunua seti ya nyuma yenye sproketi ya mwisho pana kama sahani ya chai, nikaifunga. Nikasukuma gia mpaka mwisho. Kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni, kumbe ni kifupi, kikagusa meno, kikalia krrr, cheni ikakaza, kila kitu kikagoma. Niliitukana baiskeli ile kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

Nadhani jirani ndiye aliyempelekea habari, kwa sababu siku chache baadaye mtani wangu alikuja na mfuko. Ndani mlikuwa na kimkono kirefu, cheni mpya iliyo ndefu zaidi, na sproketi ndogo za mbele pamoja na mikono yake ya pedeli. Aliwatuma rafiki zake wa zamani wa reli wakamletea kutoka Dar.

"Umeviiba kwenye behewa gani?" nikamuuliza.

"Nimevinunua," akasema. "Tuvifunge taratibu. Usiinue kitu kizito."

Akapiga magoti mwenyewe, akafungua nati moja baada ya nyingine, akaninyang'anya spana nilipoishika. Hakusema lolote kuhusu suti wala harusi. Sproketi ile pana ilikuwa inang'aa mbele ya pua yake, nafasi aliyokuwa akiitafuta tangu tujuane, naye akaipaka grisi kimya kimya. Nilitamani kumpiga na pampu.

Jumamosi ikafika. Tukaondoka asubuhi mapema kabla ya joto, tukaenda mwendo wa watu wanaopeleka mayai sokoni. Tangu tujuane alikuwa hapandi kilima kile nyuma yangu kwa hiari, lakini tulipofika chini yake akapunguza, akanipisha, akakaa nyuma kama mtu anayesindikiza bibi. Nikasukuma gia. Cheni ikahama mbele, ikahama nyuma, ikapanda juu ya ile sahani, na miguu ikawa myepesi ghafla. Nikaanza kuongea, maana ndiyo yalikuwa makubaliano.

Na mimi kwenye kilima kile nina lugha moja tu.

"Mgogo! Unaona mzigo unavyopanda? Babu yako angekuwa ameshadai hongo mara mbili!"

"Ndiyo," akasema nyuma.

"Ndiyo nini? Nimesema babu yako alikuwa anauza maji ya mvua!"

"Sawa. Usiharakishe."

"Siharakishi, napunga upepo! Wewe ndiye unahema, au unalia njaa?"

Ringi zinalia, miguu inazunguka, kifua kimetulia. Nikafika kwenye kona, pale kwenye mchanga. Moyo ukadunda, kwa woga tu, si yale maumivu ya kamba. Nikaendelea kutukana. Nikamtukana yeye, nikatukana kofia yake, nikatukana mbuzi wote wa Dodoma, sentensi nzima nzima, bila kuhema, kama daktari alivyotaka. Hakunijibu neno la maana hata moja. Mtu angetupita angedhani ni mwendawazimu anapanda kilima na mlinzi wake.

Nikafika juu sijanyamaza, sijashuka. Nikaweka mguu chini. Nilikuwa nimeshinda, baiskeli imebaki, na nilikuwa na uchungu sijapata kuona.

Yeye akashuka, akaegemeza yake kwenye jiwe, akanipigia makofi. Pa, pa, pa. Kama unavyompigia mtoto aliyekunywa uji wote.

Hapo ndipo nilipopasuka.

"Acha!" nikamwambia. "Acha makofi yako! Mimi sijafa, umesikia? Nimefunga gia ya bwana harusi mbele ya macho yako, nimepanda kama bibi kizee anakwenda kliniki, na wewe unanipigia makofi? Umenizika tayari? Kama umenizika sema!"

Alikaa chini, palepale kwenye ukingo wa lami. Akavua kofia. Akaangalia mikono yake iliyokuwa na grisi kwenye kucha.

"Nilikuita mpagazi," akasema. "Siku ile. Nilikuambia utue mzigo, ukasimama kwenye pedeli, ukaanguka. Nikarudi nikakuta umelala kifudifudi. Nikakuita, huitiki."

"Nilisimama kwa ujinga wangu mwenyewe."

"Najua. Ngoja nimalize." Akafuta uso kwa kofia. "Gari lilichelewa kupita. Nilikaa na wewe pale kwenye kona, nikafikiri umekwenda. Na unajua wewe ukifa mimi ndiye mtani wako. Ndugu zako watalia, mimi natakiwa nije kukucheka. Nilale mbele ya jeneza nikatae lisitoke, nidai nilipwe, niseme mabaya yako yote mpaka mjane wako acheke. Ndiyo kazi yangu, na nilishaifanya kwa wengine, naiweza. Basi nimekaa pale, kichwa chako kiko mapajani mwangu, nikaanza kutafuta nitasema nini."

Kisha akasema, "Sikupata. Na mpaka leo natafuta. Nalala natafuta, nikija dukani natafuta. Maisha yote nakutukana, na sina hata neno moja la siku hiyo."

Nilitaka kumwambia kitu kikali, cha kumchekesha, nami nina vingi. Nikaviacha. Nikakaa kando yake, bega kwa bega.

"Basi nitukane sasa," nikamwambia, "wakati bado nasikia."

Akanigeukia, akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena. Akashika goti langu, akaliminya kwa nguvu, na machozi yakamtoka waziwazi, yeye mzima na mvi zake, kandokando ya barabara ya Urambo.

Tulikaa mpaka jua likaanza kuuma. Kisha tukainuka, tukashuka kile kilima kwa miguu, tunasukuma baiskeli, hakuna aliyetaka kutangulia.